Maziwa Hayakumponya Mwau

Ulimwona, wewe. Machi, Mei, tena Julai, Mwau alianguka kati ya mistari ya kahawa, bomba la dawa ya wadudu likiwa mgongoni. Ukapita. Nyapara akamwita mlevi, nawe ukacheka.

Wenzake angalau walimnywesha maziwa. Kwenye mashamba ya Thika kila mtu husema hivyo: sumu imempanda, mpe maziwa. Mkewe, Nzilani, mama wa binti yao Mbithe, akawa anaweka chupa tayari nyumbani kwao Gatuanyaga.

Halafu Jumapili moja Mwau akaanguka kanisani.

"Leteni maziwa!" mzee wa kanisa akaita.

"Ya nini?" Nzilani akauliza. "Huyu hajashika bomba wiki mbili. Ama siku hizi sumu iko kwa nyimbo?"

Jirani yao Wilkister, ambaye ni muuguzi, alikuwa ameshika mkono wa Mwau. Akahesabu dakika nzima.

"Mapigo thelathini na mawili! Mama Mbithe, moyo wake unapiga polepole mno. Na aliyezimia usimnyweshe kitu, atapaliwa. Twende hospitali."

Vipimo vikaonyesha hivyo hivyo. Mwau alihitaji kifaa cha kuusukuma moyo upige. Wilkister akawaeleza.

"Cha kawaida ni kibati chini ya ngozi, hapa karibu na bega, na waya hadi moyoni."

"Hapo ndipo mkanda wa bomba hukaa," Mwau akasema.

"Ndiyo. Kingine hakina waya. Ni kama kidonge kikubwa. Hupitishwa kwa mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo. Kifua hakipasuliwi, na hakuna waya wa kukatika."

"Basi nipeni hicho!"

"Pole pole, Baba Mbithe. Paja linaweza kuvuja damu. Mara chache moyo hutoboka, au kidonge hung'oka. Betri ikiisha baada ya miaka, kukitoa ni kazi. Si kila moyo unakifaa, na ni hospitali chache zinazokiweka. Uliza kwanza."

Nzilani aliuliza mpaka daktari akavuta kiti, akaketi kumjibu. Ndipo wakakubali, na kidonge kikawekwa Nairobi.

Daktari alipomruhusu, Mwau alirudi kwenye kahawa. Akiitwa kliniki kukaguliwa, anaenda. Hajaanguka tena. Maziwa ya Nzilani sasa ni ya chai.

Na wewe? Unamjua mtu anayezimiazimia. Usimwite mlevi. Shika mkono wake, hesabu mapigo dakika nzima. Hata yakiwa sawa, mpeleke hospitali. Leo. Simama, nenda!