Chupa za Wifi Yuditha

Mume wangu Thadeus anajua bei ya kila kitu, isipokuwa vitu vya nyumbani kwake. Ukinunua sabuni, atakuuliza umenunua wapi na kwa shilingi ngapi. Ukimjibu, atakuambia kuna mahali inauzwa rahisi zaidi. Ukimwambia aende akanunue huko, atavaa kofia yake na kwenda kuangalia kahawa yake shambani. Nimeishi naye miaka mingi hapa Kirua Vunjo, mlimani juu ya Moshi, na bado ananichosha.

Chanzo cha tabia hii nakijua. Zamani kijijini kwetu kulikuwa na duka la ushirika. Ukutani palikuwa na ubao mweusi, na bei za serikali ziliandikwa pale kwa chaki. Sabuni ilikuwa na bei yake, sukari bei yake, bia bei yake. Aliyeuza zaidi ya bei hiyo aliitwa mlanguzi, na mlanguzi alikamatwa. Thadeus alikuwa kwenye kamati ya kijiji iliyokagua ubao ule. Siku hizi ubao haupo, na kila mwenye duka anapanga bei yake. Lakini kichwani mwa mume wangu ubao bado umetundikwa.

Mwaka 1996 binti yetu Stella alichumbiwa. Harusi ilipangwa baada ya Krismasi, wakati ndugu wote wamepanda kutoka mijini. Mbege, pombe yetu ya ndizi, tungepika wenyewe, ndizi tunazo. Lakini wakwe walitaka na bia za chupa, na mvinyo kwa ajili ya meza kuu.

Hapa kijijini bia inauzwa na wifi yangu Yuditha, dada mkubwa wa Thadeus. Ni mjane, na ana grosari ndogo karibu na kanisa. Kwetu, shangazi ndiye anayemshika mkono bibi harusi na kumtoa nje ya nyumba ya baba yake. Stella ana shangazi mmoja tu, naye ni huyu Yuditha. Naomba ulikumbuke hilo, maana Thadeus alilisahau.

Jumapili moja mwezi wa Novemba, mtu alimwambia Thadeus kwamba Moshi mjini bia inauzwa shilingi mia nne na hamsini. Kwa Yuditha ilikuwa mia sita. Mume wangu alitoka kanisani moja kwa moja mpaka grosari. Mabenchi yalikuwa yamejaa watu. Hata shikamoo hakutoa.

"Moshi mia nne na hamsini, hapa mia sita," alisema. "Umekuwa mlanguzi, dada."

Nilitamani ardhi inimeze. Neno lile mtu mwingine angelicheka, lakini si Yuditha. Marehemu mume wake alikamatwa mwaka 1983, serikali ilipowasaka walanguzi nchi nzima, kwa sababu ya katoni za sabuni zilizokutwa uvunguni. Aliachiwa akarudi nyumbani, lakini hakuwa tena mtu yule tuliyemjua.

Yuditha hakupandisha sauti. "Neno hilo liliingia nyumbani kwangu mara ya kwanza na askari," alisema. "Leo limeletwa na mdogo wangu. Nenda kanunue bia Moshi, Thadeus. Na shangazi wa kumtoa Stella mlangoni, kamtafute huko huko."

Kisha akafunga dirisha la grosari.

Stella alilia mpaka jioni. Nilimwambia Thadeus aende akaombe radhi. Akasema ataenda, ila kwanza atateremka Moshi alete ushahidi. Ushahidi! Binti yake hana wa kumtoa nyumbani, yeye anatafuta ushahidi. Nilikuwa nasonga ugali, na mwiko ulikuwa mkononi. Mungu anajua nilivyojizuia.

Kesho yake nilimfuata mjini, maana nilijua akienda peke yake atagombana na mji mzima. Tulianzia kwenye grosari moja mtaa wa Soweto. Bia ilikuwa mia tano na hamsini. Thadeus aliuliza kwa nini si mia nne na hamsini. Muuzaji akamwambia kama hataki asinunue, kisha akaendelea kufuta meza.

Tukaenda kwenye baa karibu na stendi. Pale ilikuwa mia tano, na Thadeus akafurahi, akaagiza moja na nyama ya mbuzi. Nyama ilipoletwa na bei yake, furaha ikaisha. Nusu kilo pale ilikuwa bei ya kilo nzima mahali pengine. Bia ya bei nafuu ilituvuta tu tuingie, tununue nyama.

Baadaye tukaingia hotelini kuulizia mvinyo. Chupa ya mvinyo wa Dodoma ilikuwa mara mbili ya bei ya dukani, na bia ilifika mia tisa. Thadeus alimuuliza mhudumu kama chupa zao zimetengenezwa kwa dhahabu. Mhudumu alinitazama kwa huruma. Mimi nikatazama dari.

Tulipotoka, mtu mmoja nyuma ya soko alituita kwa sauti ya chini. Chini ya gunia alikuwa na mvinyo wa kutoka nje, wa bei ya kutupa. Macho ya mume wangu yaling'aa. Nilimshika mkono wa koti nikamvuta mpaka duka la jumla, huku ananung'unika njia nzima.

Pale dukani tulimkuta Mzee Melkior. Huyu ndiye aliyekuwa meneja wa lile duka letu la ushirika, na sasa anasimamia stoo ya duka la jumla. Thadeus alimsalimia kama amempata ndugu aliyepotea. Akamuuliza bei ya bia.

"Mia nne na hamsini," alisema Melkior.

Thadeus alinigeukia akiwa amejaa ushindi. Kisha akamwambia Melkior ampe kreti kumi.

"Sawa. Chupa tupu ziko wapi?"

"Chupa gani?"

Melkior alituvutia viti. Alieleza polepole, kama mtu aliyekwisha kuyasema mara nyingi. Mia nne na hamsini ni bei ya bia iliyomo ndani. Chupa na kreti ni mali ya kiwanda. Ukileta tupu, unapewa zilizojaa. Usipoleta, unaweka hela ya chupa na hela ya kreti, na utarudishiwa siku utakapozileta nzima. Ikivunjika au ikipotea, hela hiyo imekwenda. Tena bei ile ni kwa kreti zima la chupa ishirini na tano. Anayetaka chupa moja hauziwi pale.

"Kwa hiyo anayeuza moja moja ananiibia," alisema Thadeus.

"Hakuibii. Amenunua kreti zima kwa hela yake, akangoja uje kunywa moja. Amekodi pikapu mpaka Kirua, na barabara ile mvua ikinyesha unaijua. Bia yake umewahi kuikuta ya moto?"

"Hapana, ni baridi."

"Baridi hiyo inatoka wapi?"

Grosari ya dada yake haina umeme. Nyuma ya kaunta kuna friji la mafuta ya taa. "Kwenye friji," alijibu.

"Mafuta nani anayanunua? Na leseni, na kodi? Hotelini nako wanakuuzia kiti, kitambaa cha mezani na kijana wa kukumiminia. Ukitaka bia peke yake, usiende hotelini. Kila mahali uliza kwanza kilichomo ndani ya bei, ndipo uilinganishe na nyingine."

Nilimuuliza kuhusu ule mvinyo wa chini ya gunia. Melkior alitikisa kichwa. Alisema mvinyo wa namna ile mara nyingi umepita mpakani bila kulipiwa ushuru, ndiyo maana ni rahisi. Umekaa juani muda gani, hakuna anayejua. Ukiwaumiza wageni wako, muuzaji humpati tena, na risiti huna.

Mume wangu bado hakukubali. Alisema zamani kulikuwa na bei moja na watu waliishi. Hapo nikamwona Melkior amechoka naye kama mimi.

"Thadeus, ule ubao niliuandika mimi. Kipaimara cha Stella, ulipata kreti ngapi za bia?"

"Mbili."

"Kwa nini mbili?"

"Kibali cha kununulia bia kiliandikwa mbili."

"Na ulikihangaikia kibali hicho mpaka viatu vikatoboka. Bei ilikuwa moja ubaoni, na chini ya ubao rafu zilikuwa tupu. Sasa bia ipo. Kazi yako ni kuuliza na kuchagua, si kutukana watu."

Thadeus alianza kupiga hesabu kwa vidole: bia, chupa, kreti, pikapu. Bia yake ya mia nne na hamsini ilikuwa imeshapita mia sita, na ilikuwa bado ya moto.

"Lakini mbona huna tupu hata moja?" aliuliza Melkior. "Miaka yote unakunywa kwa dada yako. Chupa huwa unaziacha pale?"

Hapo nilicheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Jikoni kwangu mafuta ya kupikia yamo kwenye chupa ya bia. Maziwa yamo kwenye chupa ya bia. Mafuta ya taa, asali, hata dawa ya kuulia wadudu wa kahawa, vyote vimo kwenye chupa za bia. Thadeus akinywa ya mwisho, huificha chupa ndani ya koti na kuja nayo nyumbani. Husema ni chupa nzuri, haifai kutupwa. Kila moja Yuditha alikuwa ameilipia.

Safari ya kurudi hakuuliza bei ya kitu hata kimoja. Nilikuwa nimengoja siku kama hiyo kwa muda mrefu.

Tulipofika alianza kuzitafuta. Alizitoa uvunguni, ghalani, na nyuma ya zizi. Melkior alikuwa ametuonya tusirudishe chupa zilizowahi kuwekewa dawa ya kahawa au mafuta ya taa, hata zikioshwa, maana kuosha hakuondoi sumu yote. Tena akasema dawa haitakiwi kabisa kuwekwa kwenye chupa ya kinywaji, kwa sababu mtoto ataiona chupa anayoijua na kunywa. Nilikumbuka ile ya dawa ilivyokuwa karibu na ya maziwa. Dawa tuliirudisha kwenye kopo lake na kulifungia stoo. Chupa zilizokuwa na dawa tulizifukia mbali na mfereji. Hizo na zile za mafuta ya taa Thadeus angezilipa kwa hela. Zilizobaki alizisugua mwenyewe kwa maji ya moto na sabuni. Sikumsaidia.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, mabenchi ya grosari yalijaa kama kawaida. Thadeus alifika na chupa zile zikiwa zimepangwa ndani ya kikapu. Kwenye mdomo wa chupa ya mbele alikuwa amechomeka jani la isale. Kwetu, anayekuja na jani hilo anaomba msamaha, na watu wote wanaelewa.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba."

"Nilikuita mlanguzi mbele ya watu hawa. Nimekuja kulifuta neno hilo mbele yao. Nimekuletea chupa zako nilizozichukua. Zilizoharibika nitazilipa."

Yuditha hakuligusa jani. Alichukua chupa moja na kuinusa. "Hii ilikuwa na maziwa," alisema.

"Nimeiosha."

"Bei bado ni mia sita."

"Najua."

"Kwa nini ni mia sita? Waambie."

Thadeus aliwageukia wanywaji na kuwaeleza yote: chupa, kreti, pikapu na matope, mafuta ya friji, leseni. Alieleza vizuri, lazima nikiri. Alipomaliza, Yuditha alisema amesahau kitu kimoja.

"Kuna wanaokunywa na kuahidi kulipa wakiuza kahawa. Kahawa ikiuzwa, wanapitia njia nyingine."

Mabenchini kila mtu aliangalia viatu vyake. Ndipo Yuditha akalichukua lile jani na kuliweka juu ya friji.

"Mume wangu alikufa hajasikia mtu akilifuta neno lile," alisema. "Nimelisikia kwa niaba yake. Mwambie Stella aje nimpime kanga ya siku nitakayomtoa mlangoni."

Mambo mengine yakawa mepesi. Yuditha alikuwa na kreti tupu stoo, akatuazima. Alikuwa anashusha pikapu mjini kuchukua bia zake za Krismasi, hivyo tuligawana gharama ya gari. Tulinunua kwa jumla, kwa kreti, tena kabla bei za sikukuu hazijapanda. Mvinyo tuliuchukua wa Dodoma, dukani, na risiti juu. Kila bia ya harusi ilitugharimu chini ya mia sita.

Siku ya harusi, Thadeus alisimama getini na kreti miguuni. Hakuna mgeni aliyetoka na chupa. Baba mmoja mzima, mwenye suti, aliombwa afungue koti. Niliona aibu, lakini zilirudi zote, na hela ya chupa ikarudi.

Yuditha alimtoa Stella mlangoni. Alikuwa amevaa kanga mpya, na alimshika mkono kwa nguvu mpaka nikaogopa mtoto ataumia. Alipopita mbele ya Thadeus alisimama.

"Huyu naye utamuulizia bei Moshi?" aliuliza.

Mume wangu, mtu mwenye jibu la kila kitu, alilia, na sisi tukamwacha alie.

Mwezi wa pili mgeni mmoja kutoka mjini aliketi kwenye benchi la Yuditha. Aliposikia bei, akasema huo ni ulanguzi. Thadeus alikuwa karibu yake.

"Neno hilo hapa halitumiki," alimwambia, akaanza kumweleza kuhusu kreti. Alieleza mpaka bia ya mgeni ikawa ya moto. Mimi nilikuwa nimekuja kumwita akale, na chakula kilikuwa kinapoa nyumbani. Bado ananichosha. Lakini aliponyanyuka, alilipa mia sita yake, akaiweka chupa tupu juu ya kaunta, akatoka na koti lake likiwa jepesi.