Matusi Darajani

Kila Jumamosi Kaltumu alianza kazi zake mapema ili saa tisa imkute amemaliza. Aliosha vyombo, akaanika nguo, kisha akafagia baraza ambako baba yake, fundi Mudathiru, alishonea. Chini ya cherehani hapakukosa vipande vya vitenge na nyuzi za kila rangi. Baba alizoea kumtania kwamba siku nyingine baraza hilo hufagiliwa juujuu tu, lakini Jumamosi hata sisimizi hapati pa kujificha. Kaltumu alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Saa tisa mama alirudi kutoka karibu na Petite Barrière, kwenye mpaka wa kwenda Goma, alikouza vitunguu na karoti. Alinawa mikono, akampa Kaltumu simu yake kwa muda wa saa moja. Hiyo ilikuwa saa ya Cyuzuzo.

Cyuzuzo alikuwa rafiki yake tangu wakiwa wadogo, nyumba yao ikiwa ukuta kwa ukuta na ya akina Kaltumu. Kisha mama yake Cyuzuzo, ambaye ni muuguzi, alipata kazi katika mji wa mbali wa Huye, na familia ikahama. Tangu hapo wasichana hao walikutana ndani ya mchezo wa simu unaoitwa Daraja. Wachezaji wanne walijenga daraja la mbao na kamba juu ya mto, wakisikiana kwa sauti au kuandikiana, na kushindana na timu nyingine. Wawili walikuwa wao. Wawili wengine walipangwa na mchezo wenyewe, watu wasiowajua kabisa. Mikono ikibeba mbao, midomo ilipiga soga: mwalimu mpya wa hesabu, paka wa Cyuzuzo, nani amegombana na nani. Wangeweza kupigiana simu tu, na walikuwa wamejaribu. Lakini bila mbao za kubeba, mazungumzo yalikauka haraka, kila mmoja akibaki kuuliza, "Haya, na nini tena?"

Jumamosi moja walipangiwa mchezaji aliyejiita Radi. Kaltumu alipoangusha ubao mtoni, Radi alimwita mvivu. Alipoangusha mwingine, akamwambia arudi jikoni akamenye viazi. Kaltumu aliharakisha, na ubao wa tatu ukaenda na maji.

"We ni mzigo," Radi alisema. "Hata mbuzi angejenga kukushinda."

Kaltumu akashindwa kuvumilia. Aliandika tusi baya kuhusu mama yake Radi, tusi alilowahi kulisikia kwenye kituo cha mabasi. Radi alirudisha matusi kwa sauti kubwa, na safari hii akamgeukia Cyuzuzo pia. Hapo skrini ya Kaltumu ikaleta onyo: akiandika tusi tena, atafungiwa mchezo.

Hata hivyo onyo hilo silo lililomuumiza zaidi. Jioni Cyuzuzo alimtumia ujumbe wa sauti, akiongea polepole kama mtu anayebeba maji yaliyojaa. Mama yake alikuwa naye chumbani na alisikia kila kitu. Alisema Jumamosi ijayo atakaa karibu asikilize, na yakisikika matusi tena, mchezo utafutwa kwenye simu yao.

Kaltumu alirudia kuusikiliza ujumbe ule. Aliona saa yake ya Jumamosi inaondoka mikononi mwake, na Cyuzuzo anaondoka nayo.

Kwa kuwa simu ilikuwa ya mama, mama naye aliliona lile onyo. Alimuuliza Kaltumu, na Kaltumu akaeleza yote, pamoja na tusi aliloandika, ingawa hilo alilisema akitazama sakafu. Mama hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba kesho wataenda sokoni pamoja.

Jumapili mchana, wauzaji waliotoka kanisani walikuwa wamekwisha kufika. Kando ya meza ya mama alikaa Mukankusi, muuza nyanya, mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka. Wateja walikuja na kuondoka. Kisha akaja mwanamume mrefu mwenye kofia, akaanza kubonyeza kitunguu kimoja baada ya kingine.

"We mama, hivi ni vitunguu ama ni mawe?" alisema. "Na bei hii! Mwizi wewe. Donc, yaani unafikiri mi sina akili?"

Uso wa Kaltumu ulipata moto. Alingoja mama ajibu, tena ajibu vikali. Mama aligeuza kichwa tu.

"Mukankusi, pokea mteja."

Mukankusi alifuta mikono, akainuka, akasimama nyuma ya vitunguu kana kwamba ni vyake. "Karibu, baba," alisema. "Bei ni ile ile. Nikupimie, ama bado unachagua?"

Mwanamume alimtafuta mama kwa macho. Mama alikuwa amekwisha kuketi, akipanga karoti, mgongo umemwelekea yeye. Ugomvi ulikosa mtu wa kuushika upande wa pili. Alinung'unika kidogo, akanunua, akaenda zake.

Kaltumu aliuliza kwa nini hakujibu, na hali ameitwa mwizi mbele ya watu.

"Ningejibu mimi, ingejibu hasira," mama alisema. "Mukankusi hakutukanwa, kichwa chake kimetulia. Siku akitukanwa yeye, nitapokea mimi. Ndivyo tunavyofanya hapa wote."

"Na asipoacha?"

Mukankusi ndiye aliyejibu, akicheka. "Bon, basi hapo hakuna wa kumuuzia. Sisi wote tunageuka, na kiongozi wa soko anaitwa. Iko mtu mumoja alizunguka hapa na kikapu kitupu mpaka akaomba radhi."

Mama alisubiri Mukankusi arudi kwenye nyanya zake, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mama yake huyo Radi, alikukosea nini?"

Kaltumu alitazama karoti. "Hakunikosea."

Mama akawageukia wateja wake.

Wiki hiyo Kaltumu alimweleza Cyuzuzo mambo ya sokoni, na wakapatana watakavyofanya. Mama hakuujua ule mchezo, lakini alikaa na binti yake wakatafuta pamoja mahali pa kuzima sauti ya mchezaji, na mahali pa kumshtaki kwa wasimamizi.

Jumamosi mama alivuta kigoda karibu. Mchezo ulipanga pamoja wachezaji wa ngazi moja, kwa hiyo haikuwa ajabu Radi alipotokea tena. Kaltumu akaanza yeye.

"Radi, wiki iliyopita nilimtukana mama yako. Hakunikosea. Samahani."

Kisha Radi akacheka na kusema kwamba mzigo sasa umeanza kulia. Vidole vya Kaltumu vilikwenda vyenyewe kwenye herufi. Akavirudisha.

"Cyuzuzo, pokea."

"Radi," Cyuzuzo alisema kwa utulivu, "mbao ziko kushoto. Ukitaka kujenga, karibu. Ukitaka kutukana, hatutakusikia."

Radi akamtukana yeye. Wasichana wakabonyeza kila mmoja upande wake: sauti ya Radi ikazimika, na mashtaka yakatumwa. Ndipo mchezaji wa nne, aliyejiita Ricky, akaongea kwa mara ya kwanza.

"Hata mi nimemuzima. Nani ananirushia kamba?"

Walijenga watatu. Ricky alidaka kamba, akateleza, akaanguka mtoni nayo, na wote wakacheka hadi Cyuzuzo akapata kwikwi. Timu nyingine iliwatangulia kumaliza, lakini si kwa mengi.

Katikati ya kicheko ilisikika sauti ya mama yake Cyuzuzo, aliyechelewa kazini na kuketi kando ya binti yake Ricky alipokuwa anateleza. "Yule mtukanaji leo hakuja?"

"Yupo, mama," Cyuzuzo alijibu. "Anarukaruka pale ukingoni. Hatumsikii tu."

Kaltumu aliikamata simu kwa mikono miwili.

"Basi mwambieni huyo Ricky ajifunge kamba kiunoni kwanza," mama yake Cyuzuzo alisema, "ndipo apande."

Kaltumu akacheka; mchezo haufutwi. Mama yake alimwekea mkono begani.

"Mwanangu, mtu akikutukana, tusi ni lake," alisema. "Ukimrudishia, umekuwa nalo na wewe. Lakini usikae nalo peke yako. Mwite mwenzako apokee, na sisi wakubwa tuambieni. Na jambo zuri zaidi ulilofanya leo ni kuomba msamaha, hata kama aliucheka."

Kaltumu aliitikia kwa kichwa. Kwenye simu Cyuzuzo alikuwa akiuliza kama wanaanza daraja jingine, na Ricky alikuwa amekwisha kuzitafuta mbao.