Mwalimu Aliyejifunza Kunyamaza

Mwisho wa mwezi duka la viatu lilifurika watu. Mwalimu, ndani ya gauni la bluu lililonyooshwa vizuri, alitaka viatu vya kusimamia kutwa nzima darasani. Muuzaji, kijana mtanashati mwenye mdomo usiojua likizo, akamwinamia.

"Dada, miguu hii si ya kusimama. Ni ya kubembelezwa."

"Nimekuja kununua viatu, kaka, si maneno."

"Maneno ni nyongeza. Bure kabisa."

Mwalimu alicheka, na kicheko hicho kilimmaliza muuza viatu. Haikupita miezi mingi wakawa wamependana kufa kuoza.

Kisha serikali ikatangaza kuwalipia walimu mafunzo ya kufundisha watoto wenye usonji, na mwalimu akachaguliwa kwenda. Huko walifundishwa kusema kidogo na kusubiri sana: uliza neno moja, nyamaza, mwache mtoto atafute jibu lake. Aliyazoea hayo mpaka yakamfuata kwenye simu, naye wala hakujua.

"Mpenzi, nimekukumbuka mpaka nimemfungia mteja viatu viwili vya kushoto!"

Kimya.

"Upo?"

"Nipo."

"Sema kitu basi."

"Nakusikiliza."

Muuza viatu akashikwa na wivu. Kwa hesabu zake, kulikuwa na mwingine. Siku yake ya mapumziko akavaa shati jeupe, akaenda kwenye shule ambako walimu hao walifanyia mazoezi, ameshakata shauri kumwacha.

Dirishani alimwona mwalimu amechuchumaa mbele ya binti mdogo.

"Maji?" aliuliza, akanyamaza.

Mtoto aliangalia ukuta, kikombe, ukuta tena. Muuza viatu nusura amjibie. Mwalimu hakutikisika.

"Maji," binti akasema.

Mwalimu akampa kikombe, machozi yakimlengalenga.

Alipotokea barazani akamkuta mpenzi wake amesimama.

"Nilikuja kukuacha," muuza viatu alisema. "Nilidhani umenichoka. Naongea mpaka koo linakauka, unaninyamazia tu."

Mwalimu akajishika mdomo. "Jamani! Mtoto namsubiri aseme. Kumbe wewe ulikuwa unanisubiri mimi niseme?"

"Hata neno moja."

"Nakupenda. Nakukumbuka kila siku. Mafunzo yakiisha nioe, nimechoka kuagana nawe kwenye simu."

Muuza viatu alifungua mdomo, maneno yakamgomea. Alikuwa amejiandaa kuachana, si kuoa.

"We mwanamume, jibu! Hapa sisubiri mtu!"

"Nakuoa," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza kitu.