Mpangaji wa Ndani ya Feni

Jumanne ile, saa nane mchana, kompyuta ya Kamanda ilikuwa baridi.

Haikuwa baridi ya kitu kilichozimwa. Ilikuwa imewaka tangu asubuhi, gemu linakwenda, risasi zinarindima, na kwa kawaida saa kama hiyo mtu hathubutu kuipakata bila kuweka mto mapajani. Lakini vitufe vilikuwa baridi kama jiwe la chini ya mtungi, na feni yake, ambayo kwa miezi saba ilikuwa ikivuma kama mtu anayekoroma chumba cha pili, ilinyamaza kabisa.

Mwenye akili angejiuliza. Kamanda alipiga makofi ya furaha.

Kamanda hakuwa mwanajeshi. Jina hilo alijipa mwenyewe ndani ya gemu, kisha akalitoa nje na kuilazimisha nyumba nzima ilitumie. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Aliishi kwa mama yake, fundi cherehani aliyefanya kazi zake sebuleni, na alikuwa na cheti cha ufundi umeme ambacho hakijawahi kutoka kwenye bahasha. Kilichomshughulisha ni mashindano. Jumamosi, kuanzia saa tisa alasiri, watu sitini na wanne wangepambana kupitia mtandao, na atakayebaki angeitwa bingwa. Bingwa wa nini, mama yake aliwahi kuuliza. Aliuliza mara moja tu.

Tatizo lilikuwa kwamba kompyuta ilikuwa kuukuu na gemu lilikuwa zito. Picha ziligandaganda. Adui yuko mlangoni, mara yuko mgongoni, na Kamanda yuko chali. Basi Jumatatu kutwa alijifungia kwenye mipangilio ya michoro, anapunguza. Alizima vivuli. Akazima mng'ao wa maji. Akashusha majani, moshi, mawingu, ukali wa picha, na umbali ambao jicho linaweza kufika. Miti ikabaki kama mafagio, bahari kama bati, na nyuso za watu kama viazi vilivyomenywa. Lakini mwendo ulipatikana: kutoka fremu kumi na mbili kwa sekunde, yaani picha kumi na mbili za kusuasua, hadi sitini.

"Mbona dunia yako imekuwa mbaya hivyo?" aliuliza mdogo wake, muuguzi, akipita na sare yake mkononi.

"Uzuri hauui adui."

"Wewe nawe unamuua nani? Panya wa stoo wenyewe wamekuzoea."

Jumanne hiyo jioni mama yao alisema anasikia harufu ya mkate. Haikuwa harufu ya mkate mzuri, bali ya ule ulioanza kuungua ukingoni. Nyumbani hapakuwa na tanuri. Kiwanda cha mikate cha mtaa wa nyuma kilikuwa kimefungwa tangu miezi saba iliyopita.

Jumatano mteja alirudisha shati la shule la mwanawe. Mgongoni pa shati palikuwa na alama ya kiganja, vidole vitano, rangi ya kahawia, kitambaa kimeungua lakini hakijatoboka.

"Mama, umelipiga pasi kwa mkono?" mteja alitania.

Fundi alicheka. Mteja alipoondoka, aliweka kiganja chake juu ya alama ile. Kililingana.

Alhamisi alikunywa maji, akaona mvuke unatoka kwenye kikombe alichokishika. Hakumwambia mtu. Akakaa kwenye cherehani mchana wote, milango wazi, jua linawaka uani, watoto wa jirani wanacheza, na hapo ndipo uzi wa nailoni ulipoanza kulegea na kunata kwenye vidole vyake, na ile harufu ya ukoko ikapanda kutoka kwenye kola ya nguo yake mwenyewe, na akasikia, si sebuleni wala uani, bali ndani ya kifua chake, nyuma ya moyo, kitu kikivuma taratibu, bila kupumzika, kama feni.

Ijumaa hakuweza kuamka. Binti yake alimpima joto, akatikisa kipimo, akapima tena. Nyuzi arobaini na moja na nusu. Hospitali walichukua damu, hawakuona kitu, wakampa vidonge, na mchana wakamrudisha.

"Njoo tumshushe mama kwenye gari!" muuguzi alimwita kaka yake.

"Dakika mbili tu, niko katikati ya mechi."

Dereva ndiye aliyemshusha.

Katika ukoo ule watu waliowahi kupandwa na majini walijulikana kwa idadi: babu mzaa babu, bibi mmoja aliyekuwa mkunga, na binamu mmoja ambaye baadaye ilithibitika kuwa alikuwa anasingizia. Kazi ya kuzungumza na hao wageni ilirithiwa kwa upande wa wanawake, na kwa wakati ule ilikuwa mikononi mwa shangazi, dada wa marehemu baba yao. Shangazi alikuwa ameosha vyombo vya maabara ya sekondari kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Hakuwa na manyanga wala maneno mengi. Alifika Jumamosi saa nne asubuhi, akaitikia "marahaba" mbili, akavuta kiti hadi kitandani, akavua saa yake ya mkono ili isiungue.

"Wewe nani?"

Mdomo wa mgonjwa ulifunguka lakini midomo haikucheza. Sauti ilikuwa kavu, inavunjika kama ukoko.

"Mpangaji."

"Ulikuwa unakaa wapi?"

"Tanuri la mkate, miaka arobaini na minne. Mwokaji alikuwa mtu. Hakunijua, lakini hakuniachia baridi hata siku moja. Alipokufa wanawe wakafunga. Nikaingia kwenye kisanduku cha huyo mtoto wenu, kupitia matundu ya feni. Kidogo, kichafu, kimejaa makombo ya biskuti. Nikavumilia. Kila mchana alikiwasha, kikapiga hesabu ya kila kivuli, kila jani, kila wimbi la maji, na kila hesabu ilikuwa joto. Jumatatu akaanza kunizimia nyumba, chumba kimoja baada ya kingine. Kwa nini? Ili awaue upesi watu ambao hawapo."

Kamanda, aliyekuwa ameegemea mlango, aliangalia sakafu.

"Na huyu mama amekukosea nini?" shangazi aliuliza.

"Alikuwa karibu na pasi. Humu ndani ndiye pekee mwenye joto."

"Utamkaa mpaka lini?"

"Mpaka aishe. Binadamu hamdumu. Huyu atafika jioni."

Muuguzi aliushika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Shangazi hakugeuka.

"Ukirudishiwa kisanduku chako?"

"Kila kitu kiwe juu kabisa. Vivuli, maji, majani, mawingu. Kila mchana, saa sita mfululizo."

"Shangazi!" Kamanda alidakia. "Kila kitu juu ni fremu kumi na mbili! Mashindano ni leo saa tisa!"

Mdogo wake alimtazama kama mtu anavyotazama alichokikanyaga.

"Kailete hiyo kompyuta," shangazi alisema.

Kamanda alipotoka, shangazi alimwinamia mgonjwa hadi jasho likamtiririka. "Na akikupunguzia tena?"

"Nitarudi humu humu."

"Hapana. Huyu hakukuzimia chochote. Mchukue aliyekuzimia."

Mgonjwa akavuma kifuani. Ilichukua muda kujua kwamba ni kicheko.

"Unamuuza mtoto wa kaka yako?"

"Simuuzi. Namwekea mlango. Akiwa mtu, hataufungua."

"Nimekubali," sauti ilisema.

Shangazi akamgeukia muuguzi. "Usimwambie."

"Sikuwa na nia hiyo," muuguzi alijibu.

Kamanda akarudi, akaiweka kompyuta juu ya stuli, akafungua mipangilio. Aliinua vivuli, na mgonjwa akashusha pumzi. Aliinua maji, na wekundu ukatoka shingoni. Majani, moshi, mawingu. Feni ilikohoa, ikaanza kuvuma, na vitufe vikapata joto. Harufu ya mkate ilihama kutoka kitandani hadi kwenye stuli, wote wakaisikia ikipita kati yao. Muuguzi akapima: thelathini na saba. Mama yao akafumbua macho, akaomba maji, akayanywa yakiwa baridi.

Shangazi alimshika Kamanda sikio, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ukishusha hata kimoja, mama yako anakufa. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Rudia."

"Nikishusha hata kimoja, mama anakufa."

"Vizuri," alisema, akavaa saa yake, akaenda kupanda basi.

Saa tisa mashindano yalianza. Raundi ya kwanza Kamanda alipita kwa kujificha nyuma ya pipa hadi wengine walipomalizana. Raundi ya pili hapakuwa na pipa. Picha ziliganda, akapigwa risasi ya bega, kisha ya mguu, na kwenye maandishi ya pembeni mtu asiyemjua, wa mji asioujua, aliandika: *Kamanda gani huyu, mbona anatembea kama bibi?*

Hilo lilimuuma. Kwa haki lazima isemwe kwamba alisita. Alitega sikio sebuleni, ambako mama yake alikuwa tayari amerudi kwenye cherehani kwa sababu watu walitaka nguo zao. Majani tu, aliwaza. Majani ni kitu gani?

Akayashusha.

Akasikiliza. Cherehani iliendelea kugonga. Hakuna aliyeanguka. Akacheka kwa chini, akazima mawingu, na cherehani ikaendelea; akazima maji, akazima moshi, akazima vivuli vyote, na feni ikanyamaza, na picha zikaanza kuteleza kama mafuta, na mikono yake ikapata wepesi ambao hajawahi kuwa nao, raundi ya tatu, ya nne, ya tano, adui wanaanguka kabla hawajamwona, jasho likikauka usoni kabla halijashuka, midomo ikipasuka, meza ikinuka, na yeye hasikii harufu wala hasikii kiu, anasikia jina lake tu.

Saa kumi na moja alikuwa bingwa.

Muuguzi ndiye aliyefuata ile harufu. Alisukuma mlango, mama yake nyuma yake. Kamanda alikuwa amekaa wima, mgongo kwao. Pande mbili za kompyuta, kwenye mbao za meza, palikuwa na alama mbili za viganja zilizoungua, na mikono yake bado ilikuwa juu ya alama hizo. Kwenye kioo dirisha la mipangilio lilikuwa wazi. Vivuli: vimezimwa. Maji: yamezimwa. Majani: chini kabisa.

Mama alimgusa paji la uso, akaurudisha mkono haraka. Malengelenge yalianza kutoka hapo hapo.

"Alishusha?" aliuliza polepole.

"Alishusha, mama."

"Na alijua kwamba ni mimi nitakayekufa?"

Mdomo wa Kamanda ndio uliofunguka, midomo ikiwa imetulia.

"Alijua."

Mama yake akakaa chini, kwenye ukingo wa kitanda cha mwanawe ambacho hakijatandikwa. Muuguzi alikuwa tayari ameshika simu kumpigia shangazi.

"Msijisumbue kunitoa," sauti kavu ilisema. "Humu ni pakubwa. Nimezunguka kote, sijakutana na mtu."