Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Asubuhi ya kwanza Spana aliukuta mkanda wa kiti cha nyuma cha gari moja jeupe la yadi umefungwa. Akaufungua, akaendelea na kazi. Asubuhi ya pili akaukuta umefungwa tena. Ya tatu, alipoushika, ulikuwa na joto, kana kwamba umetoka kifuani mwa mtu sasa hivi. Na lile gari jeupe lilikuwa limefungwa milango yote, funguo ziko mfukoni mwake.

Spana alikuwa fundi wa yadi ya magari ya kukodisha. Gari likirudi, yeye hulikagua na kujaza fomu. Fomu ya gari hili aliijaza kwa mkono wake mwenyewe: Giaboksi imekufa. Kosa la mteja.

Uongo mtupu, jamani! Giaboksi ile ilikuwa ikiugua siku nyingi, na Spana alikuwa akiitilia oili nzito ili isilie mpaka mteja afike mbali. "Likimfia mkononi, ni lake, alipe," bosi alipenda kusema, na Spana akicheka naye.

Safari hii mteja alikuwa mshonaji mmoja, baba aliyefiwa na mkewe, aliyekodi gari kumkimbiza hospitali binti yake wa miaka sita. Likamfia mlimani. Na mtoto akakata roho pale pale kiti cha nyuma, bado kafungwa mkanda. Baada ya mazishi mshonaji alikuja yadi na swali moja tu.

"Fundi, niambie kweli. Ni mimi niliyeliharibu?"

Spana akampa nakala ya fomu. Yule baba akaisoma, akaikunja vizuri, akaitia mfuko wa shati.

Siku ya nne ya ule mkanda, mchana kweupe, Spana alikuwa amelala chini ya gari akifungua boliti, akasikia harufu ya oili iliyoungua, na ndani yake harufu tamu ya dawa ya maji ya watoto, kisha juu yake kiti kikalia taratibu, kama kinavyolia mtu akijigeuza kwa homa, na kabla hajajivuta nje akasikia sauti ndogo, iliyochoka, ikiuliza kwa adabu, "Baba, tumefika?"

Akamwita shangazi yake, mganga. Mama yule aliweka kiganja kwenye kiti kile, machozi yakamtoka.

"Mfukuze, shangazi," Spana alinong'ona.

"Nimfukuze aende wapi? Lingekuwa jini ningelirudisha kwao. Huyu ni mtoto, anasubiri kufika. Wewe ndiye umemzuia, na ile karatasi yako. Nenda kwa babake leo hii, ukaseme kweli."

"Nitafukuzwa kazi."

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Nenda."

Spana akasema kesho. Akanunua ubani, akalifukiza gari. Mkanda ukatulia siku tano, naye akajiambia mambo yamekwisha. Siku ya sita ukafungwa tena, na sasa kile kiti kilikuwa kimelowa, kama kimeliliwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ndipo akaenda.

Mlangoni kwa mshonaji alimkuta dada yake.

"Kaka yangu tumemzika juzi," alisema. "Alikuwa hali, hashoni. Tukimwambia ni mapenzi ya Mungu, anatoa karatasi. 'Someni,' anasema, 'ni mimi. Fundi hawezi kuandika uongo.'"

Spana alirudi akilia barabarani, watu wakimtazama. Alipofika yadi aliona mikanda miwili imefungwa, wa nyuma na wa dereva, na usukani ukitikisika kidogo kidogo, kama umeshikwa na mtu anayeendesha. Akapiga magoti kwenye saruji, akaushika mlango uliokuwa wa moto, akasema yote, oili nzito, fomu, kicheko, akasema, "Si wewe, kaka yangu, wallahi si wewe, ni mimi," akarudia na kurudia mpaka sauti ikamkauka na bosi akatoka ofisini kuuliza kuna nini.

Ndani ya gari hakuna aliyemsikia.

"Baba, tumefika?"

"Bado, mwanangu," mwanamume akajibu polepole. "Nisamehe. Baba aliliharibu gari."