Anayekaimu ni Nani?

Kila Jumamosi jioni Asnath alifagia kanisa. Alifagia nje tu, maana ndani palifungwa. Ufunguo alikuwa nao Mwinjilisti Yohane, na yeye alikuwa bado njiani, anatoka kuwaona wagonjwa. Akifika ndipo atafungua, apange mabenchi mwenyewe, kisha awafundishe wanakwaya mwenyewe.

Yohane alikuwa mchapakazi, hilo hakuna wa kumnyima. Alikonda kwa kazi ya kanisa. Lakini hakumwachia mtu chochote. Kanisa lao, katika kijiji kimoja karibu na Bahi, lilikuwa na wazee wa kanisa watano, na Asnath alikuwa mmoja wao. Kazi yao ilikuwa kukaa benchi la mbele na kuitikia amina.

Jumapili moja Yohane alifungua mlango, mara akaitwa kwa mgonjwa. Watu walisubiri mpaka watoto wakaanza kulia. Asnath akasimama, akaanzisha wimbo, akasoma sala ya kwanza. Yohane akarudi, akamkuta mbele.

"Mama, nani amekutuma?" alimwuliza mbele ya watu wote.

Asnath akaketi. Uso ulimwaka kwa aibu. Tangu siku hiyo hakukigusa tena kitabu cha ibada.

Mwezi wa kumi, Yohane alikwenda Gulwe kwenye semina ya viongozi. Alimuaga mkewe tu, akaondoka na ufunguo mfukoni. Alfajiri iliyofuata mzee Damiani, baba yake Asnath, akafariki.

Mzee Damiani ndiye aliyefyatua matofali ya kanisa lile. Katika ugonjwa wake alikuwa na ombi moja.

"Mwanangu, nikifa nipitisheni kanisani. Mniombee humo ndani."

"Tutakupitisha, baba," Asnath alimwahidi.

Walibeba jeneza mpaka kanisani. Mlango ulikuwa na kufuli. Simu ya Yohane haikupatikana. Mkewe alitafuta ufunguo nyumba nzima, asiuone.

"Tuvunje kufuli," alisema mjomba wake Asnath.

"Kwa ruhusa ya nani?" aliuliza mzee mmoja wa kanisa. "Tumsubiri mwinjilisti."

Sala za maziko Asnath alizijua kwa moyo. Angeweza kusimama palepale uwanjani akazisoma. Alifungua mdomo. Akakumbuka, "Nani amekutuma?" Akaufunga.

Jua la Bahi mwezi wa kumi halimsubiri maiti. Mchana ulipopita walimpeleka makaburini. Mzee yule wa kanisa aliomba kwa sauti ndogo, harakaharaka, kama mtu aliyeiba. Hakuna aliyeimba. Mzee Damiani akafukiwa hivyo hivyo.

Yohane alirudi kesho yake, akaenda msibani moja kwa moja. Asnath alikuwa ameketi mkekani na jirani yake, Bi Swaumu, mwenye mashine ya kukoboa mpunga.

"Pole sana, Mama," alisema Yohane. "Ningekuwepo..."

"Hukuwepo," alisema Asnath. "Sisi wengine tulikuwepo wote."

"Lakini sala unazijua. Kwa nini hukuongoza?"

"Uliniuliza nani amenituma. Mpaka leo hakuna aliyenituma."

Yohane aliinamisha kichwa. Kisha akajitetea. "Kazi ya Mungu ni nzito. Nikiwaachia watu, wataiharibu."

Bi Swaumu akamgeukia, akasema, "Mwinjilisti, mambo ya ibada yenu siyajui. Ya kuongoza watu nayajua kidogo. Nikienda mjini, mashine yangu inasimama?"

"Haisimami. Mfanyakazi wako Ikram yupo."

"Ikram alizaliwa anajua? Siku ya kwanza mpunga wa watu ulitoka chenga tupu. Niliwalipa. Sikumfokea mbele ya wateja. Walipoondoka nilimwonyesha tena. Leo naondoka nalala usingizi."

"Mashine si kanisa, Bi Swaumu."

"Si kanisa. Lakini hata ofisi za pale Dodoma, mkubwa akisafiri, kuna anayekaimu. Anashika kazi kwa ruhusa, na watu wote wameambiwa ni fulani. Wewe ulisafiri. Aliyekaimu ni nani?"

Yohane alitokwa na machozi. Asnath aliyaona, na hayakumpunguzia kitu.

Jumapili iliyofuata Yohane alisimama mbele. "Nikiwa sipo, anayekaimu ni Mama Asnath," alisema. "Akisema yeye, nimesema mimi." Akachongesha ufunguo wa pili, akampa. Kutembelea wagonjwa akawakabidhi wazee wawili. Kwaya akamwachia mwanakwaya mmoja aifundishe. Mara ya kwanza wimbo uliharibika, na Yohane akajibana asiseme neno. Baada ya ibada aliwakalisha wahusika, akawauliza walikwama wapi, wakapanga upya. Polepole kazi ikaenda. Wagonjwa wakatembelewa zaidi kuliko zamani.

Kabla ya Pasaka, mume wa muumini mwenzao, Restuta, alifariki. Yohane alikuwa Nkuhungu kwa binti yake, akitibiwa macho. Safari hii hakuna aliyeuliza wamsubiri nani. Asnath alifungua mlango, jeneza likaingia, kwaya ikaimba. Alisoma sala zote, polepole, bila kuruka neno. Makaburini pia aliongoza mpaka mwisho.

Watu walipotawanyika, Restuta alimshika mikono.

"Asante, Mama. Mume wangu amezikwa kwa heshima."

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema Asnath.

Alirudi kufunga kanisa, akaketi mlangoni, akalia kwa sauti. Waliopita walidhani anamlilia mume wa Restuta. Sivyo. Alikuwa akimwonea wivu marehemu yule, kwa niaba ya baba yake.