Mdhamini wa Placidi Jiweni

Barua ile ilifika mezani kwa karani Mwinshehe ikiwa imelowa, na wiki hiyo yote mvua ilikuwa haijanyesha kijijini kwetu Chimbwi. Aliishika kwa ncha za vidole, akaianika dirishani, ikakauka hadi ikajikunja. Aliporudi kutoka kula aliikuta imelowa tena, maji yanachuruzikia faili la chini yake, na chumba kizima kinanuka usipa, vile visamaki vidogo vya ziwa, kana kwamba vimesahauliwa ndani ya gunia. Maneno yalikuwa machache. Placidi Jiweni na Wanawe, wakandarasi, wameipokea kwa shukrani kazi ya kurusha fataki, nao watafika ofisini kutia sahihi.

Mwinshehe alikaa chini. Placidi Jiweni hakuwepo duniani. Alikuwa amemtunga yeye mwenyewe.

Hebu nieleze ilivyokuwa, msije mkamwona mwendawazimu. Mwaka huo wa sabini na moja nchi ilikuwa inatimiza miaka kumi ya Uhuru, na sisi wa ufukwe wa Ziwa Nyasa, huku kusini ya Liuli, hatukutaka kuonekana tumelala. Katibu Tarafa, Bwana Edmund, ndiye aliyetoa wazo la fataki. Zirushwe jioni ya tarehe tisa Desemba kutoka juu ya Jiwe la Nkwazi, lile jiwe kubwa lililosimama majini mbele ya kijiji, ambalo hata abiria wa meli hulinyooshea vidole. Wazo zuri, nani akatae? Ila kanuni zilitaka zabuni tatu, na Mwinshehe pamoja na kuandika barua kila kona alipata mbili tu, moja ya Songea na moja ya Dar es Salaam. Siku ya kikao ikamkuta hivyo. Basi akafanya wanachofanya makarani waliobanwa, na anayebisha hajawahi kuwa karani: ya tatu akaiandika mwenyewe.

Aliipa bei kubwa kuliko zote ili ishindwe. Jina la mkandarasi alilitoa kichwani. Kwenye anwani alitazama nje ya dirisha, akaandika Jiwe la Nkwazi. Kisha fomu ikataka mdhamini, mtu atakayesimama pamoja na mkandarasi tangu kazi inapoanza hadi inapokwisha, na hapo kalamu ikagoma kidogo. Akaandika Emerensiana Ndunguru. Lilikuwa jina la mkewe, jina la ubatizo, alilokuwa nalo kule milimani Litembo kabla hajaolewa na kijana wa Kiislamu wa Kilosa na kuwa Bi Sakina. Pale ofisini hakuna aliyelijua, na ndiyo sababu alilichagua.

Kamati ikakaa. Mzee Tadei, mwenyekiti wa Chama, alisikiliza bei zote tatu, kisha akauliza swali moja tu, yupi ni wa hapa hapa. Azimio linatuambia tujitegemee, akasema, sasa sisi tukanunue moto Dar es Salaam na mwananchi mwenzetu yupo? Makofi yakapigwa. Mwinshehe angeweza kusema palepale. Akafikiria kibarua chake, akafikiria jela, akanyamaza. Barua ya kumpa Placidi kazi aliichapa mwenyewe, akaitupa kwenye trei, akipanga kuichana jioni na kuiambia kamati kwamba mkandarasi amejitoa. Lakini tarishi wetu Benno, mtu mwaminifu kupita kiasi, aliiona ina anwani, akawapa wavuvi, nao wakaifikisha. Waliiacha juu ya jiwe na kuiwekea kokoto isipeperuke.

Majibu ndiyo hayo yaliyokuwa yakichuruzika mezani.

Mwenyewe alikuja Alhamisi saa nane mchana, jua kali, ofisi nzima imekwenda kula na Mwinshehe yuko peke yake. Hakusikia hatua za mtu. Alisikia tone la maji kwenye sakafu ya saruji, na tone jingine, halafu ikaingia harufu ile ya usipa, na ndani yake harufu nyingine ya baruti iliyolowa, na alipoinua macho mtu alikuwa amesimama mlangoni. Mtu mzima, pengine mzee, suti yake nyeusi au ya kijivu. Mpaka leo hakuna anayeweza kuieleza sura ile, na kila aliyemwona siku zile anasimulia lake. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika sura.

Mtu yule akainama kwa adabu. "Shikamoo," alisema.

Mtu wa umri wa babu yake anamwamkia yeye, kijana wa miaka ishirini na sita! Mwinshehe alitaka kunyamaza, wallahi alitaka, lakini mdomo umezoea, na kwetu shikamoo haiachwi ikaning'inia hewani.

"Marahaba," akajibu.

Mgeni akatabasamu kama mtoto aliyekubaliwa na baba yake. Akatia sahihi pale alipoonyeshwa. Habari ya malipo hakuigusa kabisa. Alipofika mlangoni aligeuka na kuuliza jambo moja, kwa sauti ya chini.

"Mdhamini wangu hajambo?"

Mwinshehe alikimbia nyumbani bila kufunga ofisi. Alimkuta Sakina jikoni, mwiko mkononi, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza. Alikuwa ameitwa, alisema, na mtu ambaye bila shaka ni wa kwao, maana amemwita Emerensiana, na ni miaka sita hajaitwa hivyo. Alitoka nje asimwone mtu. Akacheka, akarudia ugali wake. Mumewe hakuweza kula.

Kesho yake mchana alimkuta pindo la khanga limelowa. Keshokutwa yake alikuwa amelowa magoti, na mchanga miguuni, naye hakumbuki alikokwenda. Jumapili Mwinshehe alirudi mapema kutoka kwenye maandalizi ya sherehe, nyumba iko wazi, chungu kinaungua jikoni, akatoka mbio hadi ufukweni na kumwona mkewe majini hadi kiunoni, ameelekea jiwe, anaitika abee, abee, kwa ile sauti ya msichana anayeitwa na mama yake, ananyamaza kidogo kusikiliza, anaitika tena, anasogea hatua moja mbele, na kutoka kule jiweni, umbali ambao sauti ya mtu haifiki, Mwinshehe alisikia kwa masikio yake jina likiitwa polepole na kwa upole. Akamburura mkewe hadi nchi kavu. Alikuwa baridi mwili mzima na nywele zake zilinuka baruti.

Jumatatu asubuhi aliingia kwa Bwana Edmund akaufunga mlango, akaungama. Zabuni ya tatu ni ya uongo, mtu huyo hayupo, naomba tusimamishe sherehe. Katibu Tarafa alimtazama muda mrefu. Naye alikuwa ameogopa, ilionekana, ila alichoogopa yeye ni kitu kingine. Barua za mwaliko zimekwisha kwenda Songea, jukwaa limejengwa, wakubwa wanakuja.

"Ndugu Karani," alisema, "huyo mtu nimempa mkono jana. Ulikuwa wa baridi, lakini ulikuwa mkono. Nenda kapumzike."

Na kweli alikuwepo, kijiji kizima kilikuwa kimemwona. Kila alasiri wanawe saba walipita ufukweni na masanduku mabegani, wakiingia majini bila maji kupiga kelele, na watu wakiwapungia.

Ikabidi Mwinshehe aende kwa Bi Kunigunda, mjane aliyekaa mwisho wa kijiji, ambaye tangu zamani ndiye aliyepeleka unga kwenye lile jiwe mvua inapochelewa. Alimkuta anaanika usipa. Mama huyu hakuwa na ngoma wala ubani, na huruma pia hakuwa nayo siku hiyo. Alimsikiliza hadi mwisho na mikono yake haikuacha kazi.

"Pale pana wenyewe," alisema. "Walikaa kwao kwa sababu hawana jina la kuitwa, na hakuna mwenye haja nao. Wewe umewapa jina. Ukawapa kazi. Shikamoo yao ukaipokea. Na juu ya hayo ukawapa mtu."

Mwinshehe alilia, akauliza dawa. Dawa hiyo hainywewi, akaambiwa. Maneno yake yalisomwa mbele ya watu, basi ayakane mbele ya watu, kwa kinywa chake, kabla fataki hazijaisha kuwaka. Kazi ikiisha, mkandarasi anaondoka na mdhamini wake. Kumfunga mkewe kamba hakutasaidia.

Hapo ndipo ninapomkasirikia yule kijana, maana dawa alikuwa ameshaipata na bado akatafuta nyingine ya bei nafuu. Kuungama mbele ya wakubwa wa mkoa ni jela, hilo alilijua. Tarehe tisa alimfungia Sakina ndani, akaweka kufuli, akapigilia misumari dirishani, ufunguo akautia mfukoni, akaenda kwenye sherehe akijiambia kwamba yamekwisha.

Ufukwe ulijaa. Watu walishuka hata kutoka Namswea na milimani, na watoto mgongoni. Hotuba zikasomwa, kwaya zikaimba, jua likazama nyuma ya jiwe na ziwa likawa jeusi. Placidi Jiweni alikaa jukwaani kiti cha pili kutoka kwa mgeni rasmi, chini yake kidimbwi cha maji. Mzee Tadei alisimama, akamtaja kuwa mfano wa kujitegemea, watu wakashangilia. Mkandarasi akainua mkono kuelekea majini, na mtumbwi ukaondoka ufukweni kwenda jiweni.

Mwinshehe alihesabu waliokuwemo kwa sababu moyo wake ulikuwa umeshamwambia, akawapata wanane, saba wamesimama wanapiga kasia bila kuyatikisa maji na mmoja ameketi katikati, mwanamke, khanga yake ile ya njano ambayo yeye mwenyewe alimnunulia Songea siku ya Idi, na akapapasa mfukoni akaukuta ufunguo upo, na mtumbwi unakwenda, na harufu ya baruti mbichi inamjaa puani na mdomoni hadi anaitema, na pale kitini yule mtu amegeuka, hatazami jiwe kama watu wote, anamtazama yeye, kwa heshima, kama mwana anayesubiri ruhusa ya mzazi. Juu ya jiwe kukawaka cheche. Fataki ya kwanza ilipanda nyekundu, ikapanda zaidi, haikupasuka wala kurudi chini, na majini hapakuonekana kivuli chake. Watu wakapiga vigelegele. Mwinshehe alipanda jukwaani akawasukuma wazee, akampokonya mshereheshaji kipaza sauti.

"Mimi ni Mwinshehe, karani," alisema, na sauti yake ikatapakaa ufukwe mzima. "Huyu mtu hayupo. Placidi Jiweni nimemtunga mimi. Zabuni nimeighushi mimi. Mdhamini ni mke wangu, nilimwandika bila kumwuliza, na ninamtoa. Namtoa mbele yenu nyote. Mimi ni mwongo, na huyu hayupo."

Mgeni rasmi aligeuka kumtazama mkandarasi, na watu wote wakageuka. Kiti kilikuwa kitupu, maji yanatiririka kutoka kwenye mbao zake. Jiweni moto ulizimika wote kwa mara moja, na katika giza hilo akasikika mwanamke akipiga mayowe majini.

Wavuvi walimtoa. Mtumbwi hawakuuona, wala wana saba. Asubuhi walipanda jiweni wakakuta masanduku yamejaa mchanga na usipa waliooza. Nyumbani kwa Mwinshehe kufuli lilikuwa limefungwa vilevile na misumari ipo mahali pake.

Alifungwa miezi minane Songea, na kazi ikaishia hapo. Sakina alimsubiri. Alipotoka hawakuwa na pa kwenda ila kwao mke, Litembo, ambako wazazi wake waliwakatia kipande cha shamba la kahawa. Ni mbali na ziwa, mwendo wa kupanda tu, na Mwinshehe alishukuru kwa kila kilima kilichobaki nyuma yao. Njiani walipumzika, na hapo mkewe akamwuliza kile ambacho hakuwahi kukiuliza gerezani.

"Kwa nini uliandika jina langu?"

Akamwambia ukweli. "Nilidhani halina mwenyewe tena."

Sakina alianza kufunga upya mzigo. Jina lile alikuwa ameliacha kwa ajili yake, wazee wake walinuna mwaka mzima, na yeye ndivyo alivyolitumia. Uchungu ulimpanda hadi machoni.

"Yule wa jiweni alikuwa analiita vizuri," alisema, akanyanyua mzigo wake, akatangulia.

Wanaishi huko hadi sasa. Na huko, bila shaka mmeshaelewa, hakuna anayemwita Sakina. Mama yake anamwita Emerensiana, shangazi wanamwita Emerensiana, jirani anamwita kutoka ng'ambo ya bonde, watoto wa kaka yake wanamwita kutoka kisimani, kutwa nzima, na kila mara anaacha alichoshika na kuitika abee. Mwinshehe hana namna ya kujua ni nani anayeita. Kwa hiyo akilisikia jina hilo, hata akiwa mwisho wa shamba, hutupa jembe na kukimbia ili atangulie yeye kutoka nje na kutazama.

Mara nyingi humkuta mtu.